Mgeni Asiyeweza Ngazi

Nilimwona kabla hajaniona. Alishuka kwenye teksi kwa kutanguliza mkono, akashika mlango, akatulia kidogo, ndipo mguu ukafuata. Shati lile la buluu alilovaa siku alipoondoka mjini kwetu lilikuwa limemzidi. Nilimuaga mwanamume mwenye mabega, nikarudishiwa mabega ya shati.

"Kimya," akaniita. Yeye ndiye aliyenibandika jina hilo, enzi zile alipokuwa fundi wa vigae kwenye bafu la kale na mimi nikiwapelekea mafundi taulo. "Umenenepa, au ni macho yangu?"

"Ni macho yako."

"Basi salama. Nilidhani kuna mwenzangu anakulisha vizuri."

Nikacheka, maana nisingecheka ningelia pale pale mbele ya dereva.

Mama yake alitokea upande wa pili wa gari, begi begani, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu kama mtu anayekwenda kuhamisha nyumba. Aliniangalia kuanzia viatu.

"Ndiye huyu?" akamwuliza mwanawe.

"Ndiye, mama."

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wazazi wako wapo?"

"Walishafariki, mama."

"Pole. Na shule?"

"Niliishia darasa la tano."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeulizia bei ya kitu asichokusudia kukinunua. "Haya. Tuonyeshe malazi."

Hawakuwa wameagiza chumba popote. Fundi alinipigia simu juma lililopita akaniambia wanakuja kwenye maji ya moto ya bafu la kale, mama yake ameambiwa yanasaidia moyo. Nilipomshauri waagize mapema, alicheka, akasema mama yake halipii kitanda ambacho hajakikalia.

Mji wetu ni wa mawe, na nyumba za kulala wageni ni zile za matajiri wa zamani. Chini waliweka mifugo na kuni, wao wakaishi juu. Mpaka leo ni hivyo: mgeni hupanda ngazi ndefu, zenye giza na kona mbili, ndipo akute mapokezi. Watu hudhani wenye nyumba wamependa tu kuacha mambo ya kale yalivyo. Sisi tunaofua mashuka tunajua. Mwenye nyumba anakaa pale juu anasikiliza. Mgeni anayefika anahema sana huambiwa vyumba vimejaa. Mgeni akifia chumbani, habari husambaa, na chumba kile hakipati mtu mpaka watu wasahau. Kwa hiyo wanaoumwa magoti wanakaribishwa vizuri, wanawekewa hata mto wa ziada. Wanaoumwa pumzi hawakaribishwi.

Wakati mama yake anabishana na dereva kuhusu mkwaruzo kwenye begi, nilimnong'oneza Fundi hayo yote.

"Kwa hiyo wanatupima kwa ngazi," akasema.

"Pumzika kwenye kila kona. Ukikaribia juu funga mdomo, hemea puani."

"Na nikishindwa?"

"Kuna mahali pengine. Nitakwambia."

"Niambie sasa."

Mama yake akageuka. "Mnanong'ona nini? Mgonjwa hanong'onezwi, anachoka kusikiliza."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ile yenye roshani za mbao zilizochongwa, inayotazama bafu la kale. Mama alitangulia. Fundi alipanda akishika ukuta, mimi nyuma yake. Kona ya kwanza alipumzika akijifanya anatazama picha ukutani. Kona ya pili hapakuwa na picha, akatazama ukuta mtupu. Tulipofika juu mdomo wake ulikuwa umefungwa, lakini kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, na puani ilitoka sauti kama filimbi iliyoziba.

Mzee mmoja mnene, miwani kapandisha kwenye paji la uso, aliishusha, akamtazama, akairudisha juu.

"Samahani sana, mama. Vyumba vimejaa."

"Na hizo funguo nyuma yako?"

"Ni za wageni waliotoka matembezini."

"Wote?"

"Hali ya hewa ni nzuri, mama."

Mama aligeuka kuitazama hali ya hewa dirishani. Mawingu mazito yalikuwa yametulia juu ya ukuta wa mji.  Tukashuka.

Nyumba ya pili mwenyeji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti nzuri. Huyu hata hakutaja vyumba. Alisogeza kiti, akamletea Fundi maji kwenye glasi, akasubiri anywe. Kisha akamwambia mama, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi:

"Dada yangu, mpeleke hospitali. Hapa tunapokea watu waliokuja kupumzika."

"Na yeye kaja kupumzika."

"Siyo kwa namna hii, dada."

Fundi alinipa glasi kabla hajaimaliza. Nikaipokea.

Tulipotoka aliketi kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, akaegemeza kichwa mlangoni. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Watalii walipita na kamera zao, mmoja akataka kupiga picha mlango ule wa kale, akaona kuna mtu, akasubiri kidogo, akaenda zake.

"Walijuaje?" mama akauliza. Aliuliza hewani, lakini mimi ndiye niliyejibu. Nikamweleza habari ya ngazi.

"Ulijua, na ukamwacha mwanangu apande?"

"Nilimwambia yeye, mama."

"Umwambie yeye? Mimi ni nani hapa, begi?"

"Mama," Fundi akasema, akiwa amefumba macho, "ningekwambia ungebishana na ngazi zenyewe. Kimya, hebu sema sasa ile habari ya mahali pengine."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yale tangu aliponipigia simu. Nimeyasema nikisugua, nimeyasema nikianika. 

"Kuna chumba ninapofanyia kazi. Kiko chini, hakina ngazi hata moja. Kiko karibu na tanki la kuchemshia maji, kwa hiyo kina joto. Ni kidogo. Lakini kina dirisha la uani, na nimekisafisha."

"Chumba cha wageni?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Cha wafanyakazi. Bibi Funguo, mwenye nyumba, anakitoa kwa mtu wetu. Ndugu wa damu, au..."

"Au?"

"Au mume."

"Umemwambia huyu ni nani wako?" mama akauliza.

Nilitazama viatu vyangu. "Mume wangu."

Neno lile sikuwahi kulitamka mbele yake wala mbele ya mtu yeyote zaidi ya Bibi Funguo. Lilitoka dogo. Fundi alifumbua macho, akanitazama namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka natafuta kitu cha kushika.

"Alikuposa nani?" mama akasema. "Nani alikwenda kwa nani? Wazee gani walikaa? Nimelea mtoto, nimemsomesha ufundi, nimemzungusha kwa madaktari, halafu binti wa mashuka anaamka asubuhi anajitangazia mume!"

"Nilitaka apate chumba, mama."

"Ulitaka upate jina. Akifa uitwe mjane."

"Mama!" Fundi akasema.

"Mwache aseme mwenyewe. Au kimya chake ni cha kuchagua?"

  Jibu nilikuwa nalo, ila lilihitaji mtu mwenye pumzi nyingi kuliko mimi.

Mama alipiga magoti mbele ya mwanawe, akamfunga kifungo cha shati kilichofunguka. Sauti ikabadilika. "Sikiliza. Kuna ile nyumba ya nguzo tuliyoipita. Nitapanda peke yangu. Nitachukua chumba kizuri, chenye kuona bafu. Halafu tutatafuta vijana wakubebe kwenye kiti."

"Asubuhi watapita kukagua vyumba, mama," nikasema taratibu. "Wakimsikia watawatoa."

"Nimeongea na wewe?"

"Mama, nitalala chini," Fundi akasema.

"Stoo?"

"Chini. Kwake."

"Mwanangu, umechoka, hujui unalosema."

"Najua." Alijiinua, mkono mmoja ukutani. Ndipo akasema yale ambayo sikutegemea yatoke kinywani mwake. "Tangu baba afe umenikalia kifuani. Nikikohoa unasimama, nikinyamaza unasimama. Ugonjwa wangu nusu ni wewe. Umenileta, nimefika. Nenda nyumbani, mama. Niache nipumue."

 Mama alisimama. Alivuta zipu ya begi lake, akatoa mfuko wa nguo za mwanawe, akauweka mikononi mwangu bila kunitazama.

"Sweta liko juu," akasema. "Soksi nzito ziko chini kabisa, usizitafute pembeni."

Akaenda. Alifuata njia ya kituo cha mabasi, mgongo umenyooka, begi likimgonga kiunoni. Nilisubiri Fundi amwite. Hakumwita.

Tulikwenda mwendo wa kuhesabu mawe. Bibi Funguo alikuwa mlangoni na shada lake la funguo shingoni, akamtazama Fundi, akanitazama mimi. Nilidhani atakataa. Alisema tu, "Chai ipo jikoni," akatupisha.

Chumba nilikuwa nimekipaka chokaa mwenyewe. Kitanda, kiti, msumari wa kutundikia nguo. Tanki lilikuwa likinguruma ng'ambo ya ukuta. Nilimkalisha kwenye kiti, nikaanza kutandika.

"Nimemwumiza, eeh?" akasema.

"Sana."

"Alilia?"

"Sikumwona usoni."

Akahema. Kisha akasema, "Baba alikufa kwa moyo huu huu. Alikufa mikononi mwa mama. Tangu asubuhi mpaka jioni alimshikilia, akakataa kumwachia hata walipokuja kumwosha. Baada ya hapo hakuongea na mtu. Nilikuwa mdogo, nikawa napika mimi, nampelekea, naitoa sahani kama nilivyoileta. Ilikuwa muda mrefu, Kimya. Safari ya pili hataiweza."

Foronya ilinibaki mkononi. "Daktari amesema nini?"

"Amesema nile ninachotaka."

Nilikaa kitandani.

"Maji ya moto ni wazo lake, nikalikubali upesi," akaendelea. "Nilijua nikifika hapa nitapata namna ya kumrudisha. Nilitaka aondoke na hasira. Mtu mwenye hasira anakula. Anasimulia majirani jinsi alivyozaa mtoto mbaya. Inampa nguvu."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi nitaiweza?"

Alinitazama sawasawa. "Wewe unaweza."

Nimemsubiri mwanamume huyu msimu mzima wa mvua. Kila nilipokamua shuka niliwaza maneno atakayoniambia akirudi. Katika maneno yote niliyoyawaza, hilo halikuwamo. Kwamba kati ya wanawake wawili wanaompenda, amemficha mmoja asiumie, na mwingine amemwona ana mgongo wa kubebea.

"Unanipenda, au umeniajiri?" nikamwuliza.

Alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikamwinamisha, nikamshika mabega yale ya shati. Kilipotulia, paji lake la uso likiwa begani kwangu, akasema, "Uliposema neno mume pale barabarani, kama ningekuwa na moyo mzima ungenipasuka. Nakupenda, mjinga wewe. Ndiyo maana sikumwomba nesi."

Nilimlaza. Nikamwambia nakwenda kuchukua chai. Nilipofika uani nikapitiliza, nikatoka lango la nyuma, nikakimbia.

Sikukimbia kwa sababu mimi ni mwema. Nilikimbia kwa sababu niliona mikono ya mama yule ikifunga kifungo cha shati, na nikajua nimeshika kitu ambacho si changu peke yangu. Kituoni basi la mchana lilikuwa bado linapakia. Nilipita dirisha kwa dirisha. Hakuwamo. Nikamwuliza mkata tiketi, mama mwenye kitambaa cha kichwa na begi lenye mkwaruzo.

"Alikuja, akasimama pale," akasema. "Nikamwambia panda mama, siti ipo. Akageuka akarudi mjini."

Nilirudi nikichungulia kila kichochoro. Nilimpata karibu kabisa na kwetu, kwenye nyumba nyembamba ya ghorofa inayotazamana na uani petu. Nilisikia sauti yake kutoka juu ya ngazi, kavu, haina hata chembe ya kuhema.

"Peke yangu. Hapana, cha mbele sitaki. Nipe cha upande wa uani."

"Huko hakuna mandhari, mama," mwenyeji akasema. "Ni mashuka ya jirani tu yanayoanikwa."

"Nipe hicho."

Nikapanda. Aliponiona hakushtuka. Alipokea funguo, akaingia chumbani, akaacha mlango wazi nyuma yake, nami nikaingia. Kitanda hakukikalia. Alikwenda moja kwa moja dirishani. Chini palikuwa na kamba zetu, mabeseni, na dirisha dogo la chumba nilichokipaka chokaa.

"Ndilo lile?"

"Ndilo, mama." Nilikuwa nalia. "Mama, hakumaanisha. Alitaka uondoke kwa sababu..."

"Kwa sababu anakufa."

Nikafuta uso kwa kiganja.

"Binti, mimi nimemzaa yule. Leo ndiyo mara ya kwanza kunitukana, na wakati ananitukana alikuwa anaangalia kama begi langu limefungwa vizuri." Alifuta kioo kwa ncha ya kitambaa chake. "Daktari aliniita mimi kwanza. Yeye hajui kwamba najua."

"Sasa maji ya moto? Ngazi zote zile?"

"Maji ni maji. Lakini mtu anayetafuta chumba bado yuko safarini. Nilitaka awe safarini siku moja zaidi." Alikunja ncha ile ya kitambaa. "Baba yake nilimshikilia sana. Nadhani nilimchosha. Huyu ameniomba nisiwepo, basi sitakuwepo. Lakini hakusema nisitazame."

"Twende wote, mama. Nitalala jikoni, wewe ulale naye."

"Ukinirudisha utamwibia kitu pekee alichofaulu leo." Akanigeukia. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni badala ya viatu. "Nenda ukamwambie nimepanda basi, tena nimepanda kwa hasira."

"Siwezi kumdanganya."

"Utaweza. Umeshamwita mume, hayo ndiyo yanayofuata." Karibu atabasamu. "Sikiliza. Mito miwili, kichwa kikae juu. Usimwulize kila mara anajisikiaje, atakununia. Akitaka taa iwake, iache. Na ile siku..." Alishika fremu ya dirisha. "Siku hiyo usije mbio. Njoo unatembea taratibu pale uani, nikuone unavyokuja. Nipate muda wa kukaa chini."

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi, nao ulinishika kwa nguvu, halafu ukaniachia kabla sijajiandaa.

Nilichukua chai jikoni, nikaingia nayo chumbani. Alikuwa ameamka, kichwa kimegeukia mlango.

"Chai imetoka shambani?" akaniuliza.

"Nilikwenda kituoni."

Tabasamu likamwisha. "Ukamkuta?"

"Basi lilikuwa linaondoka. Nilimwona dirishani."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa na hasira."

"Hasira kweli, au huzuni?"

"Hasira. Nilimpungia mkono, akageuza uso upande mwingine."

Alinitazama kwa muda mrefu. Sijawahi kuwa mwongo mzuri, na niliona anatafuta usoni kwangu mahali pa kuingilia. Sikumpa. Taratibu mikunjo ya paji lake ikalegea, vidole vikaachia shuka.

"Afadhali," akasema. "Afadhali, Kimya."

Nikaweka chai kwenye kiti. Nikashika miguu ya kitanda, nikaanza kukivuta na yeye humo humo, vyuma vikikwaruza sakafu.

"Unafanya nini?"

"Nakusogeza dirishani."

"Kwa nini? Huko kuna mashuka tu."

"Hewa," nikamwambia, na nikafungua dirisha lote.